Maji Badala ya Mvua

Watu wanaoniomba ushauri wa kuandika hadithi au kutunga nyimbo huuliza waanzie wapi. Huwa nawaambia waanze na kinywa. Kabla sentensi haijatulia kwenye karatasi, iseme kwa sauti mara mbili tatu, ukiwa unafua au unapalilia. Ulimi ukijikwaa, rudi uirekebishe. Ushauri huo naupenda mpaka leo. Lakini kwa miaka mingi nilidhani kinywa cha kupimia maneno ni changu mimi mtunzi, na kwa kudhani hivyo nilimwingiza mwanamke mmoja matatani na familia ya mume wake.

Mimi si mwenyeji wa huku. Nilikuja Shinyanga kufundisha Kiswahili, nikitokea kusini, halafu nikahamishiwa Kahama na nikabaki. Kisukuma nilijifunza sokoni na kwa wanafunzi, ambao walinicheka mpaka wakachoka. Siku nilipoanza kuelewa mizaha yao nilijiona nimefika. Nikaanza kutia maneno ya Kisukuma kwenye hadithi zangu fupi, na kwenye nyimbo nilizoitungia kwaya yetu pia. Nilijivunia hilo kuliko nilivyopaswa.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Majaruba ya mpunga yalipasuka, na wanaume wengi waliondoka kwenda machimboni upande wa Geita. Nikatunga wimbo wa mke aliyebaki shambani huku mumewe akishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Beti zilikuwa za Kiswahili. Kwenye kiitikio nikaweka neno moja la Kisukuma, mbula, yaani mvua: "Mbula, njoo, usituache na vumbi."

Kiitikio kizuri, kwa maoni yangu, ni kile ambacho mtu akikisikia mara moja anaweza kukiimba akiwa na ndoo kichwani. Kiwe kifupi. Kiwe na irabu zinazofungua mdomo. Na kikiweza, kimwite mtu au kitu, kwa sababu watu hupenda kuita. Changu kilikuwa na yote hayo, nami niliridhika nacho.

Wa kuongoza wimbo alikuwa mama mmoja wa watoto wawili, mwenye sauti nene kidogo, isiyotetemeka. Tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nalo nitaliacha. Mumewe alikuwa mmoja wa hao waliokwenda kuchimba, akirudi mara moja kwa mwezi, pengine asirudi. Yeye aliishi nyumbani kwa baba mkwe wake, kijiji kisicho mbali na mji, na ndiye aliyempikia mzee huyo kila siku, kwa kuwa mama mkwe alikuwa haoni vizuri.

Siku ya kwanza ya mazoezi alipofika kwenye kiitikio aliimba, "Minzi, njoo." Minzi ni maji. Nikasimamisha wimbo nikamwambia ni mbula. Akaitikia kwa kichwa. Tukarudia, akaimba minzi. Nikamweleza, kwa upole kama ninavyoeleza darasani, kwamba maji unaweza kuyachota kisimani lakini mvua huwezi kuichota, na mke wa kwenye wimbo analilia kile asichoweza kukichota.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema, akiangalia chini.

Tukarudia. Minzi.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye safu ya sauti ya pili, mkongwe kuliko sote, aliyekuwa akiuza karanga sokoni. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, si umwache tu aimbe maji? Maji na mvua si ndugu?"

"Ni ndugu, bibi, ila si pacha."

"Haya. Wewe ndiye umesoma." Kwaya ikacheka, nami nikacheka nao.

Kicheko kile bado kinanisumbua. Bibi alinifungulia mlango kabisa, nikaona ni utani wa kujibiwa kwa utani.

Kwa wiki tatu niliendelea kumsahihisha. Nilidhani ni ulimi. Watu wa huku wengine huchanganya r na l, wengine hubana maneno, na mwalimu wa Kiswahili huzoea kuona kila jambo kama matamshi. Nikampa mazoezi ya kutamka. Nikamweleza kanuni ambayo hata leo nawapa watunzi wapya: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo noti ndefu au inayopanda iwekwe hapo. Ukiipandisha sauti mahali pengine, barabara ya magari inageuka kuwa barabara ya sawasawa, na msikilizaji anabaki anajiuliza. Ni kanuni nzuri. Haikuhusiana kabisa na shida aliyokuwa nayo yule mama, naye aliisikiliza yote mpaka mwisho.

Tulirekodi katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kuchajia simu, kuta zikiwa zimebandikwa trei za mayai. Kiwanja cha jirani kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ikinguruma huwezi kurekodi hata kikohozi. Iliwashwa asubuhi na kuzimwa mchana wafanyakazi wakienda kula. Tulikuwa na nafasi hiyo tu.

Alipoimba minzi mara ya kwanza, fundi wa mitambo alinitazama. Mara ya pili nikaangalia saa. Mara ya tatu nikavua vipokea sauti masikioni na kumwambia mbele ya wote, "Mama, unatuchelewesha. Ni neno moja. Liseme."

Akafumba macho na kuimba, "Mbula, njoo, usituache na vumbi." Aliimba vizuri sana. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye mazoezi, nami nikamwambia fundi kwa furaha kwamba hiyo ndiyo, hatuhitaji nyingine. Nilidhani nasikia sanaa. Alikuwa anaogopa.

Wimbo ulikwenda. Ulihama kwenye simu moja hadi nyingine, ukapigwa vituo vya bodaboda na kwenye maduka ya vifaa vya machimbo. Wanafunzi waliniimbia kiitikio nikipita. Baada ya wiki chache mvua zikanyesha, ukazidi kupendwa.

Ndipo yule mama akaacha kuja kwenye kwaya. Nilimpigia simu, hakupokea. Nikamfuata bibi wa karanga sokoni.

"Bibi, shikamoo. Mwenzetu anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi." Alikuwa anapima karanga kwa kopo, hakuinua macho. "Mkwe wake amekataa chakula chake."

"Kwa nini?"

"Mwalimu, wewe unajua mzee yule anaitwa nani?"

Sikujua. Kila mtu alimwita babu wa fulani, kwa jina la mjukuu wake. Bibi akanieleza kwa kuzunguka, bila kulitamka jina lenyewe ingawa yeye hakukatazwa. Mzee alizaliwa siku ya mvua kubwa na akapewa jina linalotokana na mvua, kama yalivyo majina mengi huku. Na kwa familia zinazoshika heshima ya zamani, mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Halitaji wala halikaribii. Kama jina limetoka kwenye neno la kila siku, hulikwepa neno hilo na kutafuta la jirani. Tangu alipoolewa, yule mama alikuwa hasemi mbula. Nyumbani kwake mvua ikinyesha alisema maji yanamwagika.

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Aseme, siwezi kulisema neno hili kwa kuwa ni jina la nani?" Akafunga pakiti. "Tena mbele ya wanaume. Mimi nilikuonyesha. Ukaniambia habari za pacha."

Mzee alikuwa ameusikia wimbo mnadani, siku ya ng'ombe, watu wakiwa wamejaa. Mwenye spika aliupiga mara nyingi. Wazee wenzake wakaitambua sauti, na mmoja akamwambia, "Bwana, mkweo anakuita tangu asubuhi, mbona huitiki?" Mnada mzima ukacheka. Mzee alirudi nyumbani bila kununua alichoendea. Jioni hiyo chakula kilipowekwa mbele yake alikisogeza pembeni. Tangu hapo alikula kwa binti yake, nyumba ya tatu, na mkwe wake alipika sufuria lililorudi limejaa. Mume alipigiwa simu machimboni. Ilianza kusemwa kwamba huenda mwanamke akarudishwa kwao.

Nilirudi nyumbani nikatoa daftari zangu za hadithi. Sijui nilitafuta nini. Nikakuta hadithi niliyoipenda sana, ambamo mke wa Kisukuma anasimama uani na kumfokea baba mkwe wake akimwita kwa jina. Niliandika tukio hilo nikiamini limejaa uhai. Wasomaji wa huku walioisoma walikuwa wameniambia ni nzuri, kwa adabu, na hawakuongeza neno.

Nilimwomba bibi wa karanga anipeleke kwa mzee. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda, anasuka kamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaonyesha mahali pa kukaa. Nikajieleza. Nikasema wimbo ni wangu, neno ni langu, na mkwe wake alilikataa kwa wiki tatu nikamlazimisha.

"Alilikataa?" aliuliza.

"Ndiyo, baba. Alikuwa anaimba maji."

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya mazoezi."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamsahihisha."

Alisuka kidogo. "Kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Kumbe ni mwalimu kweli," alimwambia bibi wa karanga, si mimi. Bibi akakohoa kuficha kicheko. Mzee hakuwa akicheka. "Mimi niliambiwa alikwenda mjini akalewa sifa. Haya, nimesikia."

Hakusema amesamehe. Yaliyofuata yalikuwa ya ukoo: shangazi wa mume aliitwa, watu wa upande wa mwanamke walikuja, wakakaa. Mimi sikualikwa, na hata kama ningejua yaliyosemwa nisingeyaandika. Nilichojua ni kwamba kwa siku tisa sikupata habari yoyote, na katika siku hizo wimbo ulikuwa unapigwa kila nilipopita. Nilimwomba mwenye kituo kimoja cha bodaboda aufute. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa, maana mtunzi ni mimi.

Sasa nawaambia hivi wanaoniomba ushauri. Mwimbaji akibadilisha neno lako mara moja, huenda amesahau. Akilibadilisha mara tatu, weka kalamu chini umuulize, tena umuulize pembeni, na umpe njia ya kujibu bila kujibu. Mwambie, "Ungependa tuweke neno gani hapa?" Usimuulize kwa nini. Na kwenye hadithi, ukimjua mhusika wako anasema nini, bado hujamjua. Andika kwenye karatasi ya pembeni maneno ambayo hawezi kuyatamka, na mbele ya nani. Mchimbaji ana yake, mkwe ana yake, mama aliyefiwa ana yake. Mazungumzo yataanza kutembea yenyewe, kwa sababu mtu anayekwepa neno hulazimika kutafuta njia nyingine, na njia hiyo ndiyo sauti yake. Ningependa kusema nilijifunza haya kwa kusoma.

Tulirekodi upya kwa minzi, na mwimbaji mwingine. Haukupendwa. Watu wanaushikilia ule wa kwanza.

Yule mama alirudi kwenye kwaya mazoezi ya Jumamosi moja, baada ya mavuno. Hakusimama mbele. Alikwenda moja kwa moja safu ya nyuma, karibu na bibi wa karanga, akaimba sauti ya pili kwa chini. Tulipomaliza nilimngoja mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na nilipomwona nikaanza na lile lililokuwa rahisi kuliko yote.

"Mama, nakuomba urudi kuongoza. Hukukosea kitu."

"Najua sikukosea," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa hujui."

"Basi urudi mbele."

"Hapana, Mwalimu. Nyuma panatosha. Nikikosea huku, tumekosea wote."

Nilitaka kumuuliza kama mambo ya nyumbani yamekwisha, nikatafuta namna ya kuuliza bila kuuliza, sikuipata. Alikuwa tayari anafunga kanga yake kiunoni na kuangalia jua limefika wapi. Akaniaga, akasema lazima awahi kubandika ugali, maana mzee siku hizi anakula mapema na akichelewa anaanza kuita jikoni.