Sparadra ya Shavu la Mdogo Wangu

Bomu lililoanguka uani kwetu Bunia halikumuua mtu, ila lilitupasua mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye, kipande cha chuma kilimchana shavu hadi chini ya sikio. Mimi kingine kiliniingia begani. Tulifanyiwa operesheni siku moja, tukalazwa vitanda vya jirani, na mama akatulisha uji kwa kijiko kimoja. Wakati ule sikuwa na wivu.

Wivu ulianza nyuzi zilipotolewa na vidonda vikafunga. Mchumba wake, mnunuzi wa dhahabu aliyekimbia Mongbwalu akahamia Kampala, alimtumia kikasha kwa mkono wa dereva wa lori aliyepitia Mahagi. Ndani mlikuwa na sparadra, plasta za kubandika, tusizowahi kuziona, laini kama ngozi ya mtoto. Muuguzi alitueleza kwamba ni za silikoni, za kulainisha kovu. Haziwekwi kwenye kidonda kibichi. Unaosha kovu, unalikausha, unabandika. Kesho yake unabandua, unaiosha sparadra kwa sabuni, unairudisha. Unaendelea na hiyo hiyo mpaka ikatae kunata.

Basi kila asubuhi mdogo wangu aliosha sparadra yake ndani ya sahani ya bati, akaishika hewani mpaka ikauke, halafu mama akambandikia na kukandamiza kingo kwa kidole gumba. Mimi nilikaa upande wa pili nikijikuna. Kovu langu lilikuwa limeanza kuvimba, gumu, na jua likiwaka liliwasha kama upupu.

"Mama, tumukatie yaya kipande," mdogo wangu alisema siku moja, mkasi tayari mkononi. Yaya, dada mkubwa, ndiye mimi.

"Hapana. Hii ni ya sura," mama alijibu. "Weye haujaolewa. Yeye iko na bwana, na bega inafunikwa na nguo."

Bwana! Mume wangu alikuwa amekwenda Fataki kumchukua mama yake, vita vikafunga barabara nyuma yake. Wa mwenzangu alituma zawadi kutoka ng'ambo ya mpaka. Wangu sikujua hata kama anapumua. Nilitazama shavu lile likilainika, nikajikuta naomba lisizidi kupona.

Mume wangu alirudi mchana mmoja, amekonda, miguu imepasuka. Akiwa bado mlangoni akamwona mdogo wangu.

"Asante Mungu, weye sura yako imebakia muzuri!"

Sikumsalimu. Niliingia chumbani. Akanifuata.

"Na weye, walikuumiza wapi?"

Nilishusha nguo begani. Alilitazama kovu.

"Inauma?"

"Inawasha."

Akakaa nyuma yangu, akaanza kunikuna pembeni mwa kovu, taratibu, huku akinieleza jinsi alivyomzika mama yake njiani.

Kesho yake tukiwa tunafua, mdogo wangu alisema bila kuinua kichwa, "Yaya, nakuonea wivu."

"Mimi? Na sura yako ile?"

"Mchumba wangu kila akituma habari, anauliza sura iko namna gani. Haulizi kama nalala, kama nakula. Bwana yako ametoka Fataki na miguu."

Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye povu. Nilimshika mkono, lakini moyoni nilisikia utamu, na sikutaka uishe upesi.

Aliolewa na yule mnunuzi, akaenda Kampala. Sparadra zilizobaki aliniachia. Nilizitumia zote, muwasho ulipungua, uvimbe ulibaki. Leo kovu lake ni kama uzi, wageni hawalioni. Akija kututembelea, jicho langu linakwenda kwenye shavu lile kabla sijamkaribisha kiti. Naye jioni hukaa jikoni akitusikiliza mimi na mume wangu tukibishania chumvi ya sombe, yale majani ya muhogo, na hata usingizi ukimshika, hanyanyuki.