Picha ya Kumi na Mbili

Hii habari nitakayowapa hamtaiamini, na sitamlaumu mtu. Hata bamama wa soko la mji wetu wa Baraka, ambao wanaamini kila kitu mradi kisemwe kwa sauti ya chini, hii waliikataa. Mwanamke wa kwetu, Mbembe wa kuzaliwa, alifika mpaka Bangkok, na huko akagombana na watawa wadogo wa dini ya Budha kwa sababu walikataa kupokea picha zao wenyewe. Mimi mjomba wake ndiye niliyemfundisha kushika kamera, kwa hiyo nusu ya sifa ni yangu. Naandika nikiwa nimekalia kiti cha wateja katika studio yake. Yeye yuko nyuma yangu anakata picha za vitambulisho, na anasikia kila neno, maana mimi siwezi kuandika bila kujisomea kwa sauti.

Jina lake Anastasie. Ukimwona barabarani utadhani kuna mtu amemkanyaga sasa hivi. Sivyo. Alikanyagwa mwaka wa tisini na saba, na mpaka leo hajapoa.

Yeye na wa kwao walikuwa wamekimbia vita huku kwetu, wamevuka ziwa Tanganyika, wamewekwa kambini Tanzania. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja mgeni mwenye kamera kubwa alimkuta akimwogesha mdogo wake Néhémie ndani ya beseni. Akapiga picha, akapiga tena, akamgeuza mtoto kidevu kama mtu anayechagua papai. Mama yao akaomba apewe hata moja. Mgeni akajibu kupitia kwa mkalimani kwamba ataiacha kwa wakubwa wa kambi. Mama alienda kuulizia wiki baada ya wiki. Néhémie akafariki kabla ya mvua kuisha, na sura yake haipo popote katika nyumba ile. Iko huko kwa mgeni, imetundikwa ukutani kwa watu wasiojua jina lake.

Ndiyo maana Anastasie alipoanza kazi alijiwekea sheria moja, na Baraka nzima inaijua: picha inatoka mkononi mwake, inaingia mkononi mwa mwenye sura. Haachi kwa jirani, haachi kwa mchungaji. Aliwahi kupanda milima ya Minembwe kwa pikipiki, matope mpaka magotini, kumpelekea mchunga ng'ombe mmoja picha ndogo kama kiganja. Nilimwambia, "Si ungemupatia dereva amupelekee?" Alinitazama mpaka nikaomba maji ya kunywa.

Mwaka juzi binamu yake Roger, muuza vitambaa, alienda naye Bangkok. Kazi ya Anastasie ilikuwa kupiga picha za vitambaa na kuzituma kwa simu, bamama wa Baraka wachague kabla Roger hajanunua. Asubuhi moja alitoka hotelini akakuta mstari wa manovisi kumi na wawili, wale watawa wadogo wanaojifunza, watoto wa miaka kumi, kumi na mmoja. Vichwa vimenyolewa, nguo za rangi ya chungwa, hawana viatu, kila mmoja na bakuli lake, wanapita wakipewa chakula na watu wa mtaa. Mkono wa Anastasie ukafanya kazi kabla ya kichwa. Akapiga, akasogea, akapiga. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, mwenye kovu juu ya jicho, akasimama akamtazama. Hakucheka, hakununa. Alimtazama tu, kama anayesubiri kitu.

Anastasie akashusha kamera. Yule mgeni wa beseni sasa alikuwa yeye.

"Roger, nitafutie mahali banatoa foto," akasema alipoingia chumbani.

"Foto ya vitambaa?"

"Ya bale batawa badogo. Sikubaomba. Nilibaiba."

"Yaya, dada yangu, ndege ni kesho asubuhi! Mizigo haijafungwa. Na bale batoto habakukuomba kitu."

"Néhémie naye hakuomba."

Roger akavaa viatu, wakaenda pamoja kutafuta mashine ya kutoa picha.

Kesho yake Anastasie alisimama palepale na bahasha, taksi inanguruma nyuma yake, Roger ametoa kichwa dirishani. Mstari ukaja. Akatoa picha ya kwanza, akamnyooshea mwenyewe. Mtoto akaficha mikono ndani ya nguo. Wa pili vilevile. Wa tatu akaruka pembeni kama ameona nyoka.

"Munakatala?" Sauti ilisikika mtaa mzima. "Nimezunguka jua kutwa, munakatala sura zenu? Mukono yangu iko na nini?"

"Yaya, ndege itatuacha!" Roger akapiga kelele. "Leta, nibapatie mimi!"

"Kaa humo! Si weye ulibapiga!"

Mama mmoja muuza wali akamvuta kitenge. Hawakuwa na lugha moja. Akaugusa mkono wa Anastasie, akaonyesha watoto, akatikisa kichwa: mwanamke na mtawa hawagusani. Kisha akadondosha kifuko cha wali ndani ya bakuli la mtoto, vidole vikiwa mbali. Anastasie akaelewa. Bakuli ni la mwenyewe. Kilichoingia humo kimefika. Akaiweka picha juu ya wali. Mtoto akachungulia, akaitoa, akajiona. Mstari wote ukavunjika kwa kicheko.

Zikafika kumi na moja. Yule wa kovu hakuwepo.

Anastasie akawaonyesha picha yake. Mmoja akalaza shavu juu ya kiganja: amelala, labda anaumwa. Akanyoosha bakuli lake ampokelee mwenzake. Anastasie akawaona akilini wale wakubwa wa kambi, akamwona mama yake akirudi mikono mitupu. Akairudisha picha ndani ya bahasha, akaingia ndani ya taksi, akaupiga mlango ngumi mpaka dereva akashtuka.

Nimemwambia mara nyingi, ungempa yule mwenzake, wale wanalala chumba kimoja. Siku moja tu alinijibu: "Najua, mujomba. Hiyo ndiyo inanikasirisha."

Sasa picha iko hapa ukutani, imefunikwa kitambaa. Mwenyewe hajaiona, na hakuna ruhusa ya kumtangulia kuiona. Roger ameapa hatasafiri naye tena. Anastasie ameapa atasafiri naye. Mimi namjua mpwa wangu.

Mwezi uliopita mgeni mmoja, mpiga picha za wavuvi, aliingia kuchaji betri. Akainua kitambaa, akaipiga ile picha kwa simu yake. Hakuuliza mtu.

"Futa," Anastasie akasema.

Mgeni akacheka: nzuri sana, ataitia kwenye kalenda. Wee! Anastasie akamnyang'anya simu, akafuta mwenyewe, akamtupia, akaokota jiwe, mgeni mbele yeye nyuma, wakapita soko, wakapita parokia, wakashika barabara mpaka Swima kule mbali, na pale Swima wavuvi wote wakaacha nyavu, wakapanga mstari kama wale manovisi, wakaanza kumpigia—

"Mujomba! Swima gani? Nilimufikisha ku mulango tu. Na haikuwa jiwe, ilikuwa kandambili. Futa."