Midomo ya Kuku wa Manjano

Fundi wa mabango alikuwa mtu wa masihara tangu ujana wake. Basi alipoanza kuchora kuku wa manjano ukutani, mtaa ulicheka tu, ukasema mzee karudia utoto. Penye bomba linalovuja alichora kuku anayekunywa maji. Ufa wa ukuta wa kinyozi aliugeuza shingo ya kuku aliyenyolewa upara. Kwenye sanduku la mita ya umeme kuku alichungulia kama jirani mmbea. Walifika kumi na tisa, na hakuna aliyegundua kwamba wote, kuanzia sokoni hadi lango la fundi, walielekeza mdomo nyumbani kwake.

Aliwachora kwa ajili ya mkewe. Mwanamke huyo, aliyewashonea nguo watu wa mtaa kwa miaka thelathini, alikuwa ameanza kusahau. Alianza kusahau alipoweka sindano, kisha jina la mjukuu, kisha njia ya kurudi. Binti yao alitaka lango lifungwe.

"Baba, siku akipotea je?"

"Mama yako hajawahi kuongozwa na mtu," fundi alijibu. "Hataanza leo."

Akamfundisha mkewe jambo moja tu: ukitoka sokoni, nenda anakotazama kuku. Ikawa. Mama wa watu alikwenda kununua sabuni, akarudi, akatua kikapu na kutamba, "Nimekwenda mwenyewe, nimerudi mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono!" Fundi aliishi kwa maneno hayo.

Majirani hakuwaambia. Aliona aibu, kana kwamba kusahau ni wizi.

Siku moja wakaja wanafunzi wa chuo cha sanaa, msemaji wao msichana mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee. Kuku hawa ni wako? Tumewapenda kweli kweli. Wana maana gani?"

Hapo alifunguliwa mlango wa kusema ukweli, naye akaupita bila kuingia.

"Marahaba. Ni furaha tu, mwanangu."

Wakamwita msanii. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mpakaji rangi, na sifa zile zilimlewesha. Mwenyewe akawakatia kigezo cha kadibodi chenye umbo la kuku yule yule, wakapulizie rangi popote wapendapo. Tatizo la kigezo ni kwamba ukikigeuza, kuku naye hugeuka.

Siku tatu hazikupita, mji ukajaa kuku. Walikuwa nguzoni, vituoni, kwenye mapipa ya taka, wengine wakitazama huku, wengine kule. Fundi alikuwa juu ya ngazi ndani ya ghala moja akiandika bango refu, hakuwa na habari. Siku ya nne mkewe alichukua kikapu akaenda kununua sabuni.

Walimpata kesho yake asubuhi, ng'ambo ya reli, ameketi chini ya ukuta wa kiwanda. Kiatu kimoja hakuwa nacho, na nyayo zilikuwa zimechubuka. Ukutani, juu ya kichwa chake, walikuwa wamechorwa kuku wawili wanaotazamana.

"Nimewafuata wote," alimwambia mumewe. "Wamenidanganya."

Msichana mwenye miwani alilia mpaka miwani ikamtoka. "Mzee, ungetuambia!" Mficha maradhi, kilio humuumbua, na fundi aliijua methali hiyo, maana aliwahi kuiandika kwenye ukuta wa zahanati.

Binti hakuuliza tena, alileta kufuli. Fundi naye akabeba ndoo ya rangi ya kijivu na brashi pana, akawafuta kuku wake kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine. Wapita njia walimgombeza, wengine wakamwita mzee mchoyo. Alipofika kwa yule wa kinyozi alikaa kwanza kwenye ngazi za duka.

Kisha akachora mmoja mpya, upande wa ndani wa lango, mdomo ukielekea chumbani.

Sasa kila asubuhi mkewe hushika kikapu, huenda langoni, hutikisa kufuli, hutikisa tena, mpaka amwone kuku. Ndipo hugeuka. Ni hatua kumi na mbili kuvuka ua. Hutua kikapu kitupu mbele ya mumewe, uso umemng'aa.

"Nimekwenda mwenyewe, nimerudi mwenyewe. Umeona?"

"Nimeona, mke wangu," fundi hujibu. "Hakuna aliyekushika mkono."