Nilivyoipeleka Kompyuta Mwezi wa Tisa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayejua tunayoyaficha na bado anatuamsha asubuhi tukiwa na pumzi. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kunipa nafasi ya kusema haya kabla sijaenda nayo kaburini.

Ndugu msomaji, nimekosa. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujinga. La pili nililifanya nikiwa najua.

Naishi Somanga na mke wangu, pamoja na mkwe wetu ambaye hapa nitamwita Salma. Mwanangu anafanya kazi mbali, na alituachia kompyuta. Salma ni mwalimu asiye na ajira, na mwaka wa tatu sasa anasubiri nafasi zitangazwe. Zilipotangazwa, mwisho wa kutuma maombi ulikuwa Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani. Simu yake ni ya batani, hivyo tegemeo lake lilikuwa ile mashine.

Siku ya kuanza mfungo nilikaa mbele ya kompyuta nikawaza: kwa nini isinihesabie vyungu, yaani siku za mfungo? Ramadhani ni mwezi wa tisa wa Kiislamu. Basi nikaingia kwenye tarehe, nikaipeleka mwezi wa tisa, siku ya kwanza. Nikaridhika kabisa! Kila asubuhi ningetupia jicho pembeni mwa kioo na kujua ni chungu cha ngapi.

Kesho yake Salma akafungua mtandao. Kila ukurasa ulikataa. Ikatokea alama nyekundu ya pembe tatu, na chini yake maneno ya Kiingereza kwamba huenda kuna wezi wanataka kuiba taarifa zetu. Akataka kubonyeza sehemu ya maelezo zaidi. Nikamzuia.

"Usiguse hapo. Hapo ndipo wanapoingilia."

"Baba, kuna mtu amegusa mashine hii?"

Nikasema hakuna. Wallahi, siku ile sikudhani kwamba tarehe ina uhusiano na mtandao. Ila sikuishia hapo. Nilimwambia mbele ya mama mkwe wake kwamba wezi hawaji bure, hufuata njia aliyopita mtu, na kwamba yeye ndiye anayejua alikuwa anafungua nini. Kisha nikampigia mwanangu simu nikamwambia amuulize mkewe.

Chungu cha nne, Jumanne, Salma alikwenda sokoni. Nikakaa peke yangu na ile alama nyekundu. Nikabonyeza pale pale nilipomkataza. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hata mimi nilielewa: mashine ilisema saa yake inaonyesha tarehe nne Septemba, na kama si sahihi, irekebishwe.

Nilihisi kama mlango umefungwa nyuma yangu. Nikirudisha tarehe, mashine itapona ghafla, na mke wangu atauliza imeponaje. Mwanangu naye amekwisha kugombana na mkewe kwa neno langu. Nikasema moyoni, nitairudisha kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho.

Na kila alasiri mimi ndiye niliyekuwa nikisoma darsa msikitini. Wiki ile tulikuwa kwenye dhana mbaya na ubaya wa kumsingizia mwenzio. Nilisoma maneno hayo kwa mdomo wangu huku Salma akiwa upande wa pili wa pazia pamoja na wanawake. Ningekwenda wapi?

Alhamisi alipiga magoti akaniamkia, akaomba ruhusa aende Kilwa Masoko akatume maombi kwenye steshenari, au walau aipeleke kompyuta kwa fundi. Nikakataa. Nikasema fundi ataona aibu ya nyumba yangu. Akaitika, "Sawa, Baba," akaenda kuchagua mchele.

Ijumaa ikapita.

Jumamosi nilimruhusu, kwa kuwa sikuweza tena kumtazama. Alirudi karibu na magharibi, kompyuta ikiwa kwenye mfuko wa salfeti. Mke wangu akauliza fundi amesemaje. Salma akajibu kwamba fundi aliona tarehe nane Septemba, akacheka sana, akamuuliza, "Kwenu nani yuko Septemba?" Mke wangu hakuelewa.

Adhana ikaita. Salma akanimiminia uji, akaweka tende mbele yangu, akasema taratibu:

"Baba, leo chungu cha ngapi?"

Nikasema, "Cha nane." Na tende nikairudisha sahanini.

Pale pale nikamwambia mke wangu ukweli wote. Nikampigia mwanangu nikarudia, huku Salma akisikia. Nikamwomba radhi. Alisema amenisamehe, nami naamini, kwa kuwa si mtu wa kusema uongo. Lakini nafasi zile hazijatangazwa tena. Anabandika karatasi za kutangaza masomo ya jioni ukutani kwa majirani, na darsa nimemwachia mwenzangu mpaka nafsi yangu inyooke.

Enyi wazazi wenzangu, mkigusa kitu semeni mmegusa. Kutojua si aibu. Aibu ni kumwacha mtoto wa watu abebe kosa lako kwa sababu mvi zako zinaogopa kuchekwa. Na mashine ikikupa maelezo, yasome kabla hujamtazama mtu kwa jicho baya.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujaalie watu wa kukusamehe mapema, ungali na nafasi ya kurekebisha. Amina.