Mizigo ya Kunegunda

"Usimpe kitu chako akibebe," Mektilda alimwambia Domina pale bombani, maji yakiingia kwenye ndoo taratibu. "Osmund alimpa baiskeli yake ya mkaa. Wala si kuipanda, kuisukuma tu na magunia yake, mpaka pale kwenye kona. Juma halikuisha, mama, baiskeli ikaibwa. Mama Christopher akampa ndoo. Imepasuka. Kinachopita mikononi mwa Kunegunda hakirudi salama."

"Baiskeli za hapa Bombambili zinaibwa kila siku, Mama Pankrasi."

"Haya. Mimi nimekwambia, Mama Adela. Masikio unayo."

Domina akajitwisha ndoo yake, akashika njia ya nyumbani, Adela amelala mgongoni. Kaka yake Adela hakufikisha mwaka. Tangu hapo Domina hakuwa mwepesi wa kucheka neno lolote la kupoteza. Lakini neno hili, mbali na kumtisha, lilimwasha. Mtu mzima, kichwa kina mvi, anawaomba watu mizigo yao aibebe bure. Ya nini? Wachawi aliowasikia tangu utotoni walikuwa watu wa kukwepa kazi, si wa kuiomba.

Akatafuta sababu ya kwenda. Ikapatikana: sweta la baba Adela, lililoliwa na wadudu kwapani. Ilijulikana mtaani kwamba Kunegunda hununua masweta mabovu ya mitumba, na kadiri yalivyo mabovu ndivyo anavyoyapenda.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Sukuma kwa bega, huo mlango unabana."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyo wa mgongoni?"

"Amelala."

Kunegunda alikuwa ameketi mkekani, anafumua sweta jekundu na kuuzungusha uzi kwenye gunzi la hindi. Magunzi mengine yalijaa ungo mzima, ya bluu, ya kijani, ya rangi ya ndizi mbivu. "Miaka hii ya ruksa ya mitumba imetuletea nyuzi mpaka mlangoni," alisema. "Zamani, kwa ua moja jekundu, unasubiri masista wapate mgeni kutoka ng'ambo. Siku hizi huko wanavaa, wanachoka, mimi nafumua."

Domina hakusikia vizuri. Macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani. Alitarajia kuona ndege wawili wanaogusana midomo, na maneno ya kumkaribisha mgeni, kama vitambaa vya kila nyumba. Kumbe kwenye kamba ya katani vilianikwa vitambaa vya marekani, na kila kimoja kimedariziwa mtu na mzigo wake. Tita la kuni. Gunia la mahindi. Mwanamume aliyebeba mlango kichwani. Baiskeli iliyosheheni mkaa, mwenyewe haonekani ila miguu. Hakuna hata mmoja aliyeshonewa uso.

"Huyu ni Mama Christopher!"

"Umemjuaje? Hana hata pua."

"Shingo. Anavyoiinamisha, kama anaisikiliza ndoo inasema nini."

Kunegunda akaliweka gunzi chini. "Una macho wewe."

"Sasa shangazi, kwa nini mizigo tu? Maua umeyakosa?"

"Mwaka jana nilishona milango. Milango ya mtaa huu, basi, mpaka ikaniishia. Mwakani sijui. Unajua, nikijiambia, Kunegunda, leo darizi chochote utakacho, nakaa na sindano mpaka jua linazama. Nikitazama nilichofanya, ni ua. Ua lilelile nililofundishwa nikiwa msichana. Lakini nikijifunga, nikasema ni mizigo na si kingine, ndipo naanza kuona. Mzigo wa kwanza ni kitambaa cha kochi tu. Wa pili unauuliza wa kwanza, mbona wewe umesimama hivyo? Wa tatu unawasuta wote wawili. Mimi nafuata tu mazungumzo yao."

Domina akafikiri kidogo. "Kama watoto wa tumbo moja."

"Enhe! Ukimwona mmoja peke yake, hujui pua ni ya nani."

Akavuta kitambaa cha zamani chini ya mto. Mwanamke mwenye kuni, kanyooka kama askari wa gwaride. "Huyu nilimshona kabla sijabeba. Ona, amebeba kuni za kuchezea. Nikapanda mlima Matogoro, nikajitwisha za kwangu. Kumbe mzigo mrefu unakuvuta nyuma, shingo inakataa, unatembea kwa kubishana. Tangu hapo sishoni nisichokibeba. Ndiyo maana nilimwomba Osmund ile baiskeli."

Domina alirudi siku nyingine, na nyingine, na sweta hakuwa nalo. Alikuwa ameambukizwa. Njiani hakuona tena watu, aliona mizigo, naye alikimbilia kupeleka habari: "Shangazi, nimeona mtu kabeba kitanda, na kuku amekaa juu yake kama bibi harusi!" Wakacheka mpaka Adela akaamka. Bombani, Mektilda alimtazama na kutikisa kichwa. "Umeshaliwa, mwenzetu."

Siku moja Kunegunda hakucheka. Kitambaa kilikuwa magotini mwake. Kilikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Domina aliinama kukitazama, akaguna, kisha kicheko kikamtoka.

"Huyo mtoto anadondoka! Na mama mtu amesimama kama kabeba begi la shule."

"Najua. Nimeshona na kufumua mpaka nguo imelegea. Nimebeba mto. Nikafunga unga kwenye kanga, nikazunguka nao uani. Unga haupumui, mwanangu." Alipitisha kidole kwenye matundu ya sindano. "Mimi kwetu ni kitindamimba, sikupata mdogo wa kubeba. Wa kwangu Mungu hakunipa. Watoto wa kaka zangu walizaliwa mbali, Namasakata, nikawaona tayari wanakimbia. Na bila huyu, hao wengine wote ukutani ni wapagazi tu. Nimewaendea kina mama wawili. Mmoja kasema mtoto ana homa. Mwingine kafunga mlango."

Domina akajikuta ameshika fundo la mbeleko kifuani. Adela alikuwa macho, kisigino chake kinamgonga mama yake ubavuni, polepole, kama mtu anayewaza.

"Unajua wanavyosema, shangazi."

"Bomba haliko mbali. Nasikia."

Domina alitazama ukutani, akamwona Mama Christopher na ndoo yake, ambayo imeshapasuka.

"Sitakwenda naye popote," Kunegunda alisema. "Hapa hadi jikoni, na kurudi, wewe ukiwa mlangoni unaniona. Na unifunge wewe mwenyewe, kwa mikono yako, maana fundo hata silijui linakaa wapi. Nibebeshe Adela, Domina. Mara moja tu."