Limau, Magadi na Chetezo cha Mama Mkwe

Msinicheke mpaka nimalize. Mimi ni yaya kwa memsahibu mmoja hapa Diani. Nilimwona akikamulia limau nywele zake na kuketi juani, zikang'aa kama shaba. Nami nilikuwa nimealikwa maulidi Msambweni, kwa mama wa mchumba wangu; mama huyo alikuwa hajaniona kwa macho. Limau peke yake halikufua dafu, basi nikalichanganya na magadi ya kupikia kunde. Kichwa kiliwaka moto, nikajikaza. Nilipoosha, nywele zilikuwa rangi ya katani, na zilikatika nikizigusa tu.

Nikajitanda leso hadi kwenye nyusi, nikaenda. Shikamoo niliitoa kwa mbali. Kila mwanamke aliyenitazama, nilidhani ameshajua. Nikajituliza: nani atamfunua mgeni kichwa? Mpumbavu mimi! Nilisahau kwamba kwetu maulidi hayaishi bila wageni kufukizwa udi nyweleni.

Tulipomaliza pilau ya mbuzi, mama mkwe akaja na chetezo cha makaa na udi, kichwa baada ya kichwa, hadi kwangu.

"Niwie radhi, mama. Udi hunikohoza."

"Mkwe wangu hatoki hapa bila kunukia, mwanangu."

Akaifunua leso mwenyewe, akazikusanya nywele juu ya moshi. Fungu moja likabaki mkononi mwake, jingine likaangukia makaani. Chumba kizima kikanuka nywele za kuungua. Wanawake wakaziba pua.

Alilitazama fungu lile, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbuzi tulishamla. Sasa hiki kinachobabuliwa ni kichwa cha nani?"