Kifuniko Nilichokificha

Siku ile naikumbuka kwa masikio, mjukuu wangu. Injini ya pikapu ilikuwa inakata, inashika, inakata tena, na kando yangu mama mkwe anavuta pumzi kwa shida, kifua kinalia. Pumu ilimshika tangu asubuhi. Tulikuwa tumetoka nyumbani Shinyalu, na hospitali iko mjini Kakamega.

Dereva nilikuwa mimi. Babu yako alikuwa kazini mbali, na kabla ya kwenda alinifundisha kuendesha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi. Wanawake wa kushika usukani kwetu hawakuwa wengi. Nilijivuna, nisikudanganye. Nikipita sokoni nilikuwa napiga honi hata kama barabara ni tupu.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya baba mkwe, naye alikaa nyuma kwenye bodi, juu ya gunia. Unajua mambo yetu: mke wa kijana na baba mkwe hawakai kiti kimoja, hawapeani mkono, na wakiweza hawaongei uso kwa uso. Kwa hivyo maneno yake yote yalipitia dirisha dogo la nyuma, kwa mama mkwe, ndipo yakanifikia mimi niliyekwisha kuyasikia.

Ilipozima mara ya kwanza akasema, "Mwambie huyo bibi ya kijana wako aangalie filta."

Nikashuka nikaangalia. Safi. Nikishuka mimi mbele, yeye anaenda nyuma. Nikirudi kwenye usukani, yeye ndiye anainama kwa injini. Akachomoa paipu inayoingia kwenye kabureta, mimi nikapiga stata. Petroli ikaruka kidogo, kisha ikadondoka tone moja moja, kisha hakuna.

"Mwulize kama mafuta yako kwa tangi."

"Mwambie yako nusu," nikasema.

"Mwulize kama kuna kitu amegusa."

"Mwambie hapana."

Huo ulikuwa uongo. Siku mbili nyuma nilikuwa nimeenda kuweka petroli, nikaanza kusalimia watu na kujionyesha, nikaondoka kifuniko cha tangi kikibaki huko. Niliporudi hakikuwapo. Badala ya kusema, nikachukua kifuniko cha mkebe, nikakizungushia nailoni, nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka hata siafu hangepata njia. Niliogopa kuambiwa mwanamke ameshindwa na gari.

Tulipongoja kidogo ikawaka, ikaenda kama haijawahi kuugua, na mbele kidogo ikazima. Tukangoja tena. Ikaenda, ikazima. Mara hiyo ya tatu mama mkwe alifungua mdomo kunipa maneno ya mzee, na sauti haikutoka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Baba mkwe akaruka chini. Akaja mpaka dirisha langu, akaniangalia machoni, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu niolewe.

"Binti," akasema, "hii gari ilikuwa nzima juzi. Umeifanya nini?"

"Baba, nilipoteza kifuniko cha tangi. Nimefunga na mpira."

Akaenda kwenye tangi akakata ule mpira kwa kisu, na tangi likavuta hewa kwa nguvu, fyuuu, nikalisikia mpaka ndani. "Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake," akasema. "Kile cha zamani kilikuwanga na katundu ka hewa." Akaweka kitambaa, akakilegeza. Pikapu haikuzima tena mpaka mlangoni mwa hospitali.

Mama mkwe alirudi nyumbani baada ya siku nne. Jioni hiyo mzee akaanza tena kupitisha maneno kwake, mimi nikiwa pale pale na sufuria mkononi. "Mwambie kupoteza kifuniko ni kitu kidogo. Kunificha ndiko kulitaka kuniulia bibi." Mama mkwe hakurudia. Alijua nimesikia.

Sasa wewe, mwanangu, uko huko Shirere na hilo gari lako kuukuu linalokohoa ukipanda mlima. Fundi amebadilisha pampu, sasa anaitazama kabureta. Jana kwa simu nilikuuliza kama kuna kitu uligusa, ukanyamaza kidogo ndipo ukasema hapana. Hako kanyamazo nakajua. Likizima, fungua kifuniko cha tangi na utege sikio. Likivuta hewa, umepata ugonjwa wake. Lisipovuta, fuata mafuta kutoka tangi mpaka kwa injini, hatua kwa hatua. Lakini kabla ya yote, mwambie fundi kila kitu ulichofanya, hata cha aibu. Mimi nilikaa na aibu yangu, na mtu mwingine akakosa pumzi.

Mungu akulindie hiyo mikono kwenye usukani. Akufikishe kila unapokwenda, wewe na kila utakayembeba.